Makrana ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu, mzee Ghisulal, anajua mawe. Nalisema mapema lisije likasahaulika, ingawa hatari hiyo haipo, maana yeye mwenyewe hutukumbusha kabla ya chai, baada ya chai, na zaidi chai ikichelewa. Miaka arobaini alikuwa fundi wa kutandaza marumaru, na hapa kwetu Kishangarh, ambako hata mbwa wa mtaani hulala juu ya marumaru, hiyo si kazi ndogo. Hulimwagia jiwe maji, huligonga kwa kifundo cha kidole, kisha hukwambia limetoka mgodi upi, na kama mwenye mgodi aligombana na mkewe siku ile. Macho yake siku hizi yana ukungu. Vidole, anasema, havivai miwani.

Mimi ni Sarju, mke wa mwanawe wa pili, Naurat. Mimi na mume wangu tunatengeneza vigae vya takataka. Neno hilo si langu, ni la Baba, naye hulitamka taratibu ili majirani wasipitwe.

Takataka yenyewe ni hii. Mashine za mji huu zikikata marumaru hutapika tope jeupe, na malori hulimwaga nje ya mji. Limekuwa jangwa zima, jeupe kiasi kwamba maharusi hutoka mbali kuja kupigwa picha pale wakijifanya wamesimama kwenye theluji. Sisi tukienda na mkokoteni kuchota tope lilelile, hakuna anayetupiga picha. Tunalianika, tunalichekecha, tunalichanganya na chupa zilizosagwa na simenti nyeupe kidogo, tunamimina kwenye kalibu. Kabla halijashika napitisha uzi uliochovywa kwenye rojo la masizi chini kabisa ya kalibu, ambako ndiko uso wa kigae, taratibu, nikichora mishipa ya jiwe. Baadaye kigae kinakaa majini siku ishirini na moja, kisha tunakisugua mpaka king'ae. Ukikiona utaapa kimekatwa mlimani, na ukimwuliza Baba atasema kimeokotwa jalalani.

Kumwuliza kwenyewe mimi siruhusiwi. Kwetu mke wa mwana hasemi na baba mkwe. Huvuta mtandio mpaka kidevuni na kunyamaza, na likimbana neno, humwambia mama mkwe, naye analipeleka. Hata nyote watatu mkiwa chumba kimoja, magoti yakikaribia kugusana. Miaka tisa Mama Badami amekuwa akibeba maneno kutoka upande mmoja wa sinia la chakula hadi mwingine.

"Mwulize mke wa Naurat, mkate huu wa uwele umechomwa au umezikwa," atasema Baba.

"Mwambie Baba," nami nasema nikiwa hatua mbili kutoka kwake, "ule alioubakiza jana ulikuwa laini, na akasema hana meno ya kitoto."

Mama anapeleka vyote, ila vikali anavipunguza chumvi njiani. Baba hujifanya hakusikia mpaka vifike rasmi.

Siku moja aliingia karakanani kwetu kutafuta kosa, akalipata haraka. Aliokota kigae, akapapasa mgongo wake, kidole chake gumba kikadumbukia kwenye kishimo pembeni.

"Mama Bhagchand," akamwita mkewe kwa jina la mwana wao mkubwa. "Njoo uone. Wanauza vigae vyenye kitovu."

Nikamweleza kupitia njia yetu ndefu. Kigae kikishamiminwa, nabonyeza mgongo kwa gumba. Likizama, bado. Likiacha alama tu, tayari kufunikwa magunia mabichi. Hakuna kipimo kingine, na kila kigae kinachotoka mikononi mwangu kinayo alama hiyo. Tena alama yangu haifanani na ya mtu, kwa sababu nikiwa mtoto mundu ulilipasua gumba langu na kovu limelikata katikati.

Baba alilipapasa lile kovu kwenye kigae mara mbili tatu. "Fundi wa kweli haachi kidole chake kwenye kazi," akasema, akakirudisha kigae kichwa chini.

Sasa, karakana yetu imekaa kwenye kiwanja cha Baba. Na Baba ana mwana mwingine, mkubwa, Bhagchand, muuza marumaru. Bhagchand ameuza mawe miaka kumi na mitano na hajawahi kunyanyua hata moja. Ana pete nne, viatu vyeupe, na kicheko cha kuwakaribishia wateja ambacho hutumia pia kwenye misiba. Kila Jumapili huja kula kwetu, na kabla hajanawa hunisalimia kupitia kwa mume wangu: "Naurat, na wale wa jalalani hawajambo?"

Huyu Bhagchand alikitaka kiwanja ajenge duka kubwa la marumaru ya kweli, lenye milango ya vioo. Mwezi wa Falgun, baridi ikiisha, Baba akatangaza amekubali. Alitangaza akiwa anatafuna, nadhani ili tusione uso wake vizuri.

"Karatasi ya muhuri iko tayari," akasema. "Siku tutakayotandaza sakafu ya jukwaa la mama yangu, wazee wakiwepo, nitaweka dole gumba. Naurat atahamishia zile kalibu zake popote. Tope haliishi mjini."

Mume wangu alitazama dengu zake. Naurat ni mtu mwema, mtaa mzima unasema hivyo, na mimi ndiye niliyepewa nikae naye. Nilimpiga teke chini ya sinia, akasogeza mguu. Miaka sita tulikuwa tumechimba lile tangi la maji kwa mikono yetu, tumejenga meza za kusugulia moja moja, tumepata hata wateja wanaorudi. "Popote" ile ya Baba maana yake ilikuwa hakuna. Nilikwenda kuosha vyombo nikalia huko, nikavipiga vyombo kwa nguvu ili ijulikane nimekasirika, isijulikane nalia.

Jukwaa lenyewe ni la kulishia njiwa, kwenye uwanja wa mtaa wetu, kwa kumkumbuka mama yake Baba, Bibi Gulab. Ukimsikiliza Baba, mama yake alikuwa mwanamke wa marumaru. Ni kweli kabisa. Alikuwa akibeba vifusi na tope la marumaru kwenye karai kichwani, kutoka viwandani hadi jalalani, miaka thelathini. Sehemu hiyo ya karai Baba huiruka akisimulia. Sakafu ya jukwaa lake ilipasa kuwa marumaru ya machimbo ya Makrana, nyeupe yenye mshipa wa kijivu, ile ya makaburi ya wafalme, wala si nyingine. Baba alikuwa ameweka akiba miaka mingi kwa ajili hiyo, na akiba yote akamkabidhi Bhagchand, kwa kuwa Bhagchand ndiye mtu wa mawe ya kweli.

Mabamba yakaja kwa mkokoteni wa trekta, yamefungwa kwa majani makavu kama mayai. Matatu yakashushwa uani yakalazwa juu ya magunia ili Baba ayakague. Aliita wazee watatu washuhudie, mzee Pokhar akiwa mbele, yule ambaye huja popote penye chai. Mimi nilikuwa nikiileta hiyo chai, mtandio chini, sinia juu.

Baba alikunja mikono ya shati. Akamwaga maji. Mishipa ikachanua juu ya bamba la katikati, na mimi nikasimama palepale.

Kulikuwa na mshipa unaoshuka kutoka kona ya kulia, ukifika katikati unagawanyika ghafla, tawi moja fupi, la pili linapotea. Mungu hakuuchora ule. Niliuchora mimi, Jumanne, uzi ulipokatika kwa sababu Naurat aliniita kuuliza chumvi iko wapi.

Nikayatazama yale mawili mengine. Na yenyewe ni yangu. Miezi miwili nyuma tulipata oda kubwa kuliko zote, mabamba ishirini na manne ya futi mbili kwa mbili, ya mfanyabiashara fulani wa mji wa Ajmer ambaye hatukumwona uso. Alitaka jambo moja tu, muhuri wetu usigongwe nyuma. Nilifurahi sana. Nilimwambia Naurat, angalia, watu wa Ajmer wanajua kazi nzuri.

Baba akagonga kwa kifundo. Akaweka sikio. "Mnasikia?" akawauliza wazee, wasiosikia hata kengele ya hekalu. "Hii ni ya chini, ya mgodi wa zamani. Siku hizi hawachimbi mpaka huku."

"Mpaka huku hasa, Baba," akasema Bhagchand. "Nilisimama palepale likitolewa."

"Lete ndimu."

Ndimu ikaletwa, akakamua matone. Jiwe likatoa povu dogo, kama marumaru inavyofanya. Lingeacha vipi? Ni unga wa marumaru ule, robo tatu na zaidi, ila ni marumaru iliyokwisha kutukanwa. Baba akawanyooshea wazee kidole chenye povu kana kwamba ameshinda kesi.

"Makrana," akasema. "Mbele yenu nasema, na mkisikia Ghisulal amekosea, njooni mnivue kilemba."

Wazee wakasema naam. Bhagchand akacheka kicheko cha wateja. Mimi nikamwekea chai yake mbele, na sukari nikaisahau.

Siku hiyohiyo nilimkamata Naurat nyuma ya tangi.

"Yale ni yetu," nikamwambia.

"Nimeyaona."

"Umeyaona, ukanyamaza?"

"Na wewe ulinyamaza."

"Mimi nimefunikwa kichwa, Naurat. Wewe umefunikwa nini?"

Akakaa juu ya gunia la chupa. "Fikiria, Sarju. Ameshasema Makrana mbele ya watu watatu, na mmoja wao ni Pokhar, kwa hiyo ni mbele ya mtaa mzima. Ametoa kilemba chake rehani. Nikamwambie nini? Kwamba kaka kamwibia, na vidole vyake vimekufa? Yule mzee hana kingine. Macho yamekwenda, kazi imekwenda. Ana vidole tu."

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa, na jambo hilo lilinikasirisha zaidi. Alikuwa sahihi. Ningefungua mdomo, tungebaki na karakana, na yule mzee angebaki na nini? Ningeufunga, karakana ingeondoka na Bhagchand angejenga duka la marumaru ya kweli juu ya tangi langu, ajaze ndani vigae vya nani sijui. Siku nne nilizunguka na jambo hilo tumboni. Nilichoma mikate minane. Baba akatuma ujumbe kuuliza kama tumehama dini tukaanza kuabudu moto.

Siku ya jukwaa ikafika, asubuhi ya jua jepesi. Wanaume upande huu wa uwanja, wanawake upande ule chini ya turubai, njiwa juu ya nyaya wakisubiri wajinga wamalize wale. Bhagchand alivaa suruali nyeupe. Karatasi ya muhuri alikuwa ameiweka ndani ya bahasha, na kidau cha wino mfukoni.

Baba hakutaka fundi yeyote aguse. Angetandaza mwenyewe, bamba la kwanza hadi la mwisho, kwa ajili ya mama yake. Akapiga magoti, mtu wa miaka sabini na mbili, akasawazisha kitanda cha simenti kwa mwiko mara moja tu, kikatulia. Lazima niseme ukweli, ilikuwa raha kumtazama. Kisha akalisimamisha bamba la kwanza, akaligeuza mgongo ili alipake simenti nyepesi, kama fundi yeyote anavyofanya.

Bhagchand hakujua kwamba mafundi hufanya hivyo. Miaka kumi na mitano kwenye mawe, na hakujua kwamba jiwe lina mgongo.

Mkono wa Baba ulitembea juu ya ule mgongo, ukipaka, ukafika pembeni, ukasimama. Niliona gumba lake likiingia. Likazunguka mle ndani. Likarudi nyuma kidogo, likapapasa katikati, mahali kovu langu lilipo, mara moja, mara mbili. Nilimshika Mama Badami mkono bila kujua, naye akadhani nina njaa.

"Baba," akasema Bhagchand, "simenti inakauka."

Baba hakuinua kichwa. "Bhagchand, jiwe hili umesema limetoka wapi?"

"Makrana, Baba. Si uliligonga mwenyewe?"

"Ulikuwepo likitolewa?"

"Kwa macho yangu haya."

"Apa kwa bibi yako."

Bhagchand akaapa kwa bibi yake, kwenye jukwaa la bibi yake, na suruali yake ikabaki nyeupe vilevile. Nilitarajia angalau njiwa mmoja angefanya jambo.

Baba akalilaza bamba. Akaligonga kwa mpini wa mwiko likakaa. Akachukua la pili, akaligeuza, gumba likaenda pembeni. La tatu. La nne. Ishirini na manne yote, na kila moja gumba lake lilikwenda kutafuta langu na kulikuta. Wazee wakasifu, chai ikapita mara mbili, na mimi chini ya mtandio nilikuwa nikilia kabisa sasa, bila vyombo vya kupiga.

Alipomaliza alibaki amepiga magoti. Bhagchand akamletea maji anawe, akamkausha vidole kwa leso yake mwenyewe, kwa upendo mkubwa, hasa kile cha gumba. Akakunjua karatasi. Akafungua kidau.

Mzee Pokhar akaona ni wakati wa kusema neno. "Ghisulal, mkono bado upo. Makrana haiwezi kujificha mbele yako."

"Mkono upo," akasema Baba. "Kichwa ndicho kilichokuwa kimekwenda. Hii si Makrana, Pokhar. Imetoka kwenye karakana iliyo nyuma ya nyumba yangu."

Bhagchand akacheka, halafu akaona anacheka peke yake. "Baba, jua limekupiga. Ile takataka ya Naurat unaifananisha na..."

"Mama yangu alibeba takataka hiyo kichwani miaka thelathini," akasema Baba. Alisema kwa sauti, mbele ya mtaa wote, jambo ambalo katika miaka tisa sikuwahi kulisikia mdomoni mwake. "Nywele zake za utosini zilikatika hazikuota tena. Hakuwahi kubeba jiwe zima hata siku moja. Na nililitukana tope lake kila siku mezani kwangu, mbele ya mwenye kulitengeneza." Akakivua kilemba chake mwenyewe, akamwekea Pokhar mapajani. "Nilisema njooni mnivue. Nimewapunguzia safari."

Pokhar alikishika kilemba kama mtu aliyepewa mtoto wa watu. Hakuna aliyejua aangalie wapi. Baba akaukunja mkono wenye gumba safi, akamgeukia Bhagchand. "Karatasi yako ichukue. Na pesa ulizonunulia mabamba haya, na ulizobakiza, utakuja kunieleza nyumbani, mbele ya mama yako."

Kisha akageukia upande wa wanawake.

"Sarju," akaita.

Miaka tisa nilidhani halijui jina langu. Mama Badami kwa mazoea akainuka, tayari kubeba.

"Kaa, Mama Bhagchand. Sarju, sakafu hii tuinyweshe maji siku ngapi?"

Alikuwa akinywesha sakafu kabla mama yangu hajaolewa. Anajua siku ngapi, anajua hata saa. Wanawake wote walinigeukia. Mtandio ulikuwa kidevuni, na hakukuwa na mtu wa kupeleka.

"Saba, Baba," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyoipima, njiwa wakaruka wote. "Na ifunikwe magunia."

"Saba," Baba akawaambia wazee. "Mmesikia. Magunia."

Bhagchand hatusalimii tena kwa habari za jalalani. Amekuja mara mbili tu tangu hapo, akakaa kama mgeni aliyekosea nyumba. Kilemba kilirudishwa jioni ileile, maana Pokhar alihofia mkewe angekifanya kitambaa cha jikoni. Hata hivyo wazee bado huwaonyesha wageni lile jukwaa na kuwaambia ni Makrana, na mgeni akibisha wanaleta ndimu.

Na Baba? Baba sasa huja karakanani kila asubuhi, anakalia ndoo iliyogeuzwa, na anasema. Anasema nami moja kwa moja, tangu chai ya kwanza mpaka magunia. Mshipa wa Makrana haujikunji hivi. Uzi huu mnene. Masizi haya ya jiko gani? Naurat akiniita kuuliza chumvi, Baba humfukuza. Miaka tisa niliomba mzee huyu aniambie hata neno moja, na sasa naomba apumzike hata dakika moja. Kuhusu kiwanja hakusema lolote, wala sisi hatukuuliza. Tulikuwa tunamimina vigae tukisubiri.

Juzi nilikuwa nikigeuza vigae vya siku iliyotangulia, nikakuta kimoja kina alama mbili. Yangu yenye kovu, na pembeni yake nyingine, pana, isiyo na kovu, iliyobonyezwa kwa nguvu sana. Nikageuza cha pili. Mbili. Nikageuza safu nzima.

Baba alikuwa pale pale kwenye ndoo, anatazama ukuta kwa makini, ukuta ambao hauna kitu. Ningeweza kumwuliza mwenyewe, siku hizi naruhusiwa. Lakini nikavuta mtandio mpaka kidevuni na kumwita Mama Badami aliyekuwa anachambua dengu mlangoni.

"Mama, mwulize Baba kama vigae vyangu sasa ndiyo karatasi za kiwanja."

Mama akafungua mdomo aupeleke ujumbe. Baba hakungoja ufike.

"Mwambie ndiyo," akasema.